Jinsi Chama cha Wenye Ulemavu wa Viungo Kilivyokua Mombasa

Mtu akivuka daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa na kushika barabara iendayo Malindi, kabla hajafika mbali atakuta mahali paitwapo Bombolulu, upande wa Kisauni. Hapo pana karakana ambamo mafundi hutengeneza mapambo ya shaba na shanga, hushona nguo, huchonga mbao na kutengeneza mikoba ya ngozi. Mgeni anayeingia kununua mkufu huenda asitambue upesi ya kwamba mafundi walio wengi ni watu wenye ulemavu wa viungo. Wengine hutembea kwa magongo, na wengine hufanya kazi wakiwa katika viti vya magurudumu.

Karakana hizo zilianzishwa mwaka wa 1969 na Chama cha Wenye Ulemavu wa Viungo cha Kenya, ambacho wengi hukijua kwa herufi zake nne za Kiingereza, APDK. Chama chenyewe ni kikubwa kwa umri kuliko karakana, kwani kilianzishwa mwaka wa 1958, miaka mitano kabla ya Kenya kupata uhuru. Si idara ya Serikali, wala si kampuni ya kutafuta faida.

Wasomaji wengi hupita mbele ya mahali kama hapo kila siku bila kujua kazi yake ilivyoanza na kwa nini ilizidi kupanuka. Sababu yake ni nyepesi kueleza. Mtoto asiyeweza kutembea alihitaji tiba. Alipopata tiba, alihitaji shule. Alipotoka shuleni, alihitaji kazi. Alipopata kazi, kazi ilihitaji soko. Kila mlango uliofunguliwa ulionyesha mlango mwingine uliokuwa umefungwa mbele yake, na chama kisichotazama mbele hivyo humfikisha mtu nusu ya safari kikamwacha hapo.

MARADHI YALIYOLEMAZA WATOTO

Zamani hizo, miongoni mwa maradhi yaliyowalemaza watoto, yaliyoogopwa sana yalikuwa yale ya kupooza yaitwayo polio. Virusi vya polio huingia kinywani pamoja na maji au chakula kilichochafuliwa kwa choo, au kwa mikono isiyonawiwa. Huzaana katika matumbo, kisha hutoka tena na choo na kumtafuta mtu mwingine. Wengi wa wale waambukizwao hawaonyeshi dalili yo yote, au hupata homa ndogo tu ambayo mzazi huisahau baada ya siku chache. Lakini kadiri ya mmoja katika kila watu 200 walioambukizwa hupooza, aghalabu miguu, na hapana dawa iwezayo kuurudishia mguu huo nguvu zake zote.

Mguu uliopooza ukiachwa bila kuangaliwa, hali yake huzidi kuharibika. Misuli hukonda, kano hufupika, goti hukunjika lisikunjuke, na mtoto hulazimika kutambaa. Lakini akipelekwa mapema kwa wajuzi wa viungo, mguu hunyoshwa kwa mazoezi, na pengine kwa upasuaji. Kisha hufungwa vyuma vya kuushikilia, na mtoto hufundishwa kusimama na kutembea kwa magongo.

Hapa yafaa msomaji akumbuke jambo moja. Mtoto hukua, lakini chuma hakikui. Vyuma vilivyomfaa akiwa na miaka minne vitambana akiwa na miaka sita. Kwa hiyo tiba ya viungo si jambo la kufanywa mara moja likaisha. Yahitaji karakana iliyo karibu, fundi ajuaye kupima, na mzazi asiyechoka kurudi. Hiyo ni sababu moja kubwa iliyofanya kazi hii ihitaji chama cha kudumu, wala isitoshelezwe na sadaka ya siku moja.

Chanjo ya polio ya sindano, iliyobuniwa na Daktari Jonas Salk wa Marekani, ilitangazwa mwaka wa 1955. Chanjo ya matone, iliyobuniwa na Daktari Albert Sabin, ilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1960. Lakini mpango wa taifa wa kuchanja watoto wa Kenya ulianzishwa mwaka wa 1980. Kati ya 1955 na 1980 ni miaka 25. Katika miaka hiyo yote kinga ilikuwa imekwisha patikana duniani, lakini watoto wengi wa vijijini na wa mitaa ya miji walikua bila kuipata.

KUTOKA TIBA HADI SHULE

Mombasa ni kisiwa, na watu wake wengi huishi ng'ambo. Upande wa magharibi ni Changamwe, ambako watu hupita njia ya Makupa. Upande wa kaskazini ni Kisauni, ambako hupita daraja la Nyali. Upande wa kusini ni Likoni, ambako huvuka kwa feri. Mtu mzima wa viungo huona safari hizo ni jambo la kila siku. Lakini mtu wa magongo hukuta kidato cha matatu ni kirefu, na mteremko wa kivuko cha Likoni humtia hofu, hasa maji yanapokupwa. Mtoto wa namna hiyo akiwekwa katika shule iliyo mbali na kwao, bila gari na bila mtu wa kumchukua, hukaa nyumbani.

Kwa ajili ya watoto kama hao kuna shule ya wenye ulemavu wa viungo huko Port Reitz, upande wa Changamwe. Huko Likoni nako kuna shule ya vipofu, inayohusiana na Jeshi la Wokovu. Faida ya shule za namna hii ni kwamba mtoto husoma mahali palipotengenezwa kwa ajili yake: milango ni mipana na walimu wamezoea. Tena mtoto hukutana na wenziwe walio kama yeye, akajua ya kuwa si yeye peke yake duniani.

Walakini shule hizo haziwezi kuwapokea watoto wote, wala si kila mtoto anayehitaji kutengwa na ndugu zake. Mtoto mwenye mguu mmoja dhaifu na akili timamu aweza kusoma katika shule ya kijijini kwao, mradi darasa lake liwe la chini na choo chake kiwe na njia ya kupita. Ndiyo maana mwaka wa 2018 Serikali ya Kenya ilitoa mwongozo wa elimu ya wanafunzi wenye ulemavu, unaotia mkazo wasome pamoja na wengine kadiri iwezekanavyo. Kabla ya hapo, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 ilikuwa imekwisha mwajibisha kila mzazi kumpeleka mtoto wake shuleni. Sheria hiyo haikumtoa mtoto mwenye ulemavu.

KAZI NA MSHAHARA

Kijana akimaliza masomo, shida nyingine humngojea. Mwajiri humtazama miguu kabla ya kutazama cheti chake. Jamaa zake humwonea huruma, lakini huruma haimlipii mtu kodi ya chumba. Wengine, baada ya kusomeshwa kwa gharama kubwa, huishia kukaa kando ya njia na kuomba.

Bombolulu ilianzishwa ili kufungua mlango huo. Mwaka wa 1969 watu waliotoka kisiwani kwenda huko walikuwa bado wakivuka daraja la kale la Nyali lililoelea juu ya maboya, kwani daraja la sasa halikufunguliwa hata mwaka wa 1980. Karakana zilianza kufundisha ufundi na kutoa kazi ya mshahara. Kadiri miaka ilivyopita ziliongezeka, zikawa za mapambo, ushonaji, uchongaji na ngozi. Baadaye pakaongezwa mahali pa kuonyesha nyumba na desturi za makabila mbalimbali ya Kenya, ili mgeni apate sababu ya kuja, na akija anunue.

Katika kazi kama hii lililo kubwa ni mshahara. Mtu anayepokea mshahara huketi barazani na wenziwe akatoa shauri nalo likasikilizwa. Huposa, huoa au huolewa, husomesha watoto, na msiba ukitokea hutoa mchango wake kama wengine. Heshima hiyo haiji kwa kupewa nguo kuukuu wala chakula cha sikukuu.

Chama hakikuishia katika vitu vya kuuza. Kilitengeneza pia viti vya magurudumu na baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Watu wengi hudhani kiti cha magurudumu ni kiti tu. Sivyo. Kiti kilichotengenezwa kwa ajili ya sakafu laini za hospitali za Ulaya hukwama katika mchanga wa Kisauni na kuvunjika katika mashimo. Tena kiti kipana kupita kiasi humpinda mtu mgongo, na kisicho na mto mzuri humtia vidonda makalioni, hasa yule asiyesikia maumivu kwa sababu uti wake wa mgongo umeumia. Vidonda hivyo vikiingia uchafu vyaweza kumwua. Kwa hiyo mtu lazima apimwe, na kiti kilingane na mwili wake na njia za kwao. Shirika la Afya Duniani lakadiria ya kuwa watu milioni 80 duniani wanahitaji viti vya namna hiyo, yaani kama mtu mmoja katika kila mia, na wengi wao hawana.

SOKO NA TAABU ZAKE

Mambo hayakuwa mazuri siku zote. Karakana inayouza mapambo kwa wageni hutegemea wageni waje. Mwezi wa Agosti 1997 fujo zilitokea Likoni, kituo cha polisi kikashambuliwa na watu wakauawa, na hoteli za pwani zikapungukiwa na watalii. Mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi, mambo yalikuwa vivyo hivyo. Mwaka wa 2020 maradhi ya korona yalifunga viwanja vya ndege karibu dunia nzima. Nyakati kama hizo kila fundi wa pwani anayeuza kwa wageni hupata hasara, awe mzima wa viungo au mwenye ulemavu. Lakini mwenye ulemavu hupata shida zaidi, kwa kuwa si rahisi kwake kwenda bandarini kutafuta kibarua cha kubeba mizigo mpaka biashara irudi.

Njia moja ya kupunguza hatari hiyo ilikuwa kuuza ng'ambo. Bombolulu iliingia katika shirika la biashara ya haki la dunia nzima, ambalo wanachama wake huahidi kumlipa fundi bei ya haki na kutomtumikisha mtoto. Maduka ya namna hiyo huko Ulaya na Marekani hununua vitu vilivyotengenezwa kwa mikono. Hata hivyo soko hilo nalo lina taabu zake. Mtindo wa mapambo hubadilika kila mwaka, na fundi asiyebadilika pamoja nao huachwa nyuma. Tena maduka yenyewe yaweza kuanguka, kama ilivyoonekana Januari 2023, kampuni ya Traidcraft ya Uingereza, iliyojulikana sana katika biashara hiyo, iliposhindwa kuendelea na kuwekwa chini ya wasimamizi wa mufilisi.

Fundisho lililopatikana ni kwamba karakana moja, hata ikiwa kubwa namna gani, haitoshi kuwa tegemeo la watu wote. Hesabu ya watu iliyofanywa Kenya mwaka wa 2019 ilionyesha watu 918,270 wenye ulemavu, wa umri wa miaka mitano na kuendelea, nao ni 2.2 kwa mia. Shida ya kutembea ndiyo iliyoonekana kwa watu wengi kuliko shida nyingine zote. Hapana ukuta uwezao kuwazunguka watu hao wote.

KUWAFUATA WATU MAKWAO

Kwa sababu hiyo kazi ilitoka nje ya ua. Mwaka wa 1978 mkutano mkubwa wa afya ulifanyika Alma-Ata, katika Muungano wa Kisovieti wa zamani hizo, na mataifa yakakubali ya kuwa afya lazima imfikie mtu anakoishi. Baadaye Shirika la Afya Duniani lilieneza mpango wa kuwasaidia wenye ulemavu katika vijiji vyao wenyewe, kwa mikono ya jamaa na jirani zao. Chama cha APDK nacho kilishika njia hiyo. Wafanya kazi wake huzuru nyumba, humfundisha mama jinsi ya kumnyosha mtoto viungo na kumkalisha vizuri, na huwapa wenye ulemavu mikopo midogo ya kuanzia biashara.

Hapo pakaonekana jambo ambalo karakana haikuweza kulionyesha, nalo ni idadi ya watoto waliofichwa. Katika nyumba nyingine mtoto asiyeweza kuketi huwekwa chumba cha nyuma, na mgeni akija mlango hufungwa. Wazazi hawafanyi hivyo kwa ukatili. Hufanya hivyo kwa aibu, kwa kuwa wameambiwa ni laana, au ni shetani, au mama amekosa jambo. Lakini sababu za kweli zajulikana. Mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, au aliyepata umanjano mkali baada ya kuzaliwa, au malaria ya ubongo, au homa ya uti wa mgongo, ubongo wake waweza kudhurika, nao ndio utawalao viungo. Jirani asiyejua hayo husema neno moja tu, na neno hilo likamfungia mtoto ndani kwa miaka kumi.

Siku hizi sababu za ulemavu zimebadilika. Polio imepungua sana, lakini pikipiki zimeongezeka barabarani, na majeruhi wake hujaza vitanda vya hospitali. Kisukari nacho huleta vidonda vya miguu visivyopona, na mwisho wake mguu hukatwa. Kwa hiyo karakana iliyokuwa ikifunga vyuma kwa watoto wa polio yatakiwa sasa kutengeneza miguu ya bandia kwa watu wazima.

SHERIA YASEMAJE

Mwaka wa 1980 ulitangazwa na Serikali ya Kenya kuwa mwaka wa taifa wa wenye ulemavu, na mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ukafanya hivyo kwa dunia nzima. Mwaka wa 2003 Bunge la Kenya lilitunga sheria ya watu wenye ulemavu, na baraza la taifa la kuwaangalia likaundwa. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 54, yasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima na kuitwa kwa njia isiyomdharau, kufika mahali pote, na kupata elimu. Yasema pia ya kuwa watano katika kila mia wa wanachama wa vyombo vya umma, wa kuchaguliwa na wa kuteuliwa, wawe ni wenye ulemavu, na jambo hilo litimizwe hatua kwa hatua.

Hata lugha yafaa iangaliwe. Maneno kama kiwete, kiziwi na kipofu yana umbo lile lile la kiti na kitu. Ndiyo maana wengi sasa hupenda kusema mtu mwenye ulemavu, ili neno la kwanza liwe mtu.

YAMPASAYO MZAZI

Kazi yote iliyoelezwa hapa ni bure ikiwa mtoto hafikishwi mapema. Mambo yafuatayo yafaa kila mzazi ayajue.

Kwanza, chanjo. Katika Kenya mtoto hupewa matone ya polio azaliwapo, kisha akiwa na majuma 6, 10 na 14. Na katika juma la 14 hupewa pia sindano. Mwaka wa 1988 watoto kadiri ya 350,000 walipooza duniani kwa polio. Tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ilithibitishwa kuwa haina tena virusi vya asili vya ugonjwa huo. Lakini mzazi asidhani hatari imekwisha. Mwaka wa 2013 watu 14 walipooza Kenya kwa virusi vilivyoingia kutoka nje, na mwaka wa 2018 virusi vya namna nyingine, vinavyozuka mahali ambapo watoto wengi hawakuchanjwa, vilionekana katika maji machafu ya mtaa wa Nairobi. Mtoto ambaye mguu au mkono wake umelegea ghafula apelekwe hospitali siku ile ile.

Pili, nyayo zilizopinda. Katika kila watoto elfu moja, mmoja au wawili huzaliwa nyayo zao zimepinda kuelekea ndani. Hali hii hutengenezwa bila upasuaji mkubwa, kwa njia ya Daktari Ignacio Ponseti, aliyefanya kazi Marekani. Mguu hunyoshwa kidogo kidogo na kufungwa plasta, ambayo hubadilishwa kila juma, kwa kawaida kwa majuma matano hadi saba. Mara nyingi kano ya kisigino hukatwa kidogo. Baadaye mtoto huvaa viatu maalum vilivyoungwa kwa ubao au chuma, mwanzoni mchana na usiku, kisha usiku tu, mpaka afikie kama miaka minne. Wazazi wengi huacha viatu hivyo wakiona mguu umenyoka, na mguu ukarudi kupinda. Wasiviache.

Tatu, mtoto mwenye miezi minane asiyeketi, au asiyeshika shingo akiwa na miezi minne au mitano, aonyeshwe kwa muuguzi wa kliniki. Asingojewe mpaka ajitengeneze.

Na iwapo mtoto amekwisha kuwa mkubwa, naye yumo ndani, bado haijawa kuchelewa. Njia huanzia zahanati iliyo karibu. Huko mzazi ataulizia kliniki ya viungo na siku zake, na ataandikiwa barua ya kupelekwa. Aende na kadi ya kliniki ya mtoto, na asikubali kumlipa mtu ye yote wa mtaani anayeahidi kumponya kwa siku tatu. Mafundi wengi walioshika shaba na ngozi Bombolulu walikuwa watoto ambao mtu mmoja, mama au mjomba au mwalimu, aliwachukua mgongoni siku ya kwanza na kuwafikisha mlangoni.